Tiba ya mazungumzo kwa vijana balehe: mwongozo kamili kwa mzazi, mlezi na mwalimu wa malezi

Neno "nasaha" limetuponza. Kwa kuwa huduma hii tumezoea kuiita ushauri nasaha, wengi wetu huamini kwamba kazi ya mshauri ni kushauri: kumkalisha kijana chini, kumweleza lililo jema, kumkumbusha jinsi wazazi wanavyojinyima kwa ajili yake, kisha kumruhusu aende akiwa amekwisha kuahidi kubadilika. Kijana huinamisha kichwa, huitikia "ndiyo" kila panapohitajika, na kesho yake hali huwa ile ile. Tiba za mazungumzo zilizopimwa na kuonekana kufanya kazi haziendeshwi hivyo. Zinafanana zaidi na mazoezi ya mpira: kuna stadi inayofundishwa, inajaribiwa papo hapo, kijana anakwenda kuifanyia mazoezi nyumbani, na anaporudi swali la kwanza analoulizwa ni zoezi limekwendaje.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mzazi, mlezi na mwalimu wa malezi katika shule ya sekondari, hasa kwa matatizo mawili yanayowapata vijana wengi zaidi, yaani sonona, ambayo majirani zetu wa Kenya huiita unyogovu, na wasiwasi uliopita kiasi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili, kwa hiyo katika darasa la wanafunzi hamsini ni jambo la kawaida kuwakuta sita au saba. Wataalamu hawatoshi kuwafikia wote, na ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hii, kwa kupenda au kutopenda, itafanywa na watu wasiokuwa madaktari. Nitaonyesha njiani ni hatua zipi mtu wa kawaida anaweza kuzisimamia na zipi ni lazima amwachie mwenye taaluma.

Mfano nitakaourudia ni wa msichana wa miaka 16, mwanafunzi wa kidato cha tatu, ambaye nitamwita Rehema. Si mtu halisi. Nimemuunga kutokana na mambo yanayojirudia kwa vijana wengi.

Hatua ya kwanza: kutofautisha ujana na ugonjwa

Kununa, kupenda upweke na kubishana na mama si ugonjwa. Kinachopaswa kumshtua mzazi ni mabadiliko yanayodumu kwa wiki mbili au zaidi na yanayoharibu maisha ya kila siku: masomo yaliyokuwa yakienda vizuri yanaporomoka, marafiki wanaachwa, usingizi unapotea au unazidi, chakula kinakataliwa, na mambo yaliyokuwa yakimfurahisha kijana hayamgusi tena. Tukumbuke pia kwamba sonona ya kijana mara nyingi haina sura ya huzuni. Hujitokeza kama hasira za haraka, hivyo kijana huitwa mkaidi na kupelekwa kwa mwalimu wa nidhamu badala ya mwalimu wa malezi.

Dalili nyingine hujificha mwilini. Kijana atasema kichwa kinamuuma, tumbo linamsokota kila Jumatatu asubuhi, moyo unamwenda mbio, au kwamba "anawaza sana". Msemo huu wa mwisho tusiupuuze. Wazimbabwe wanaozungumza Kishona wana neno lao, kufungisisa, lenye maana hiyo hiyo ya kuwaza kupita kiasi, na Waacholi wa kaskazini mwa Uganda hutaja two tam, yaani ugonjwa wa mawazo. Watafiti walipoyachunguza maneno hayo kwa makini walikuta hali inayokaribiana sana na sonona. Kijana anayesema anawaza sana huenda amekwisha kukupa jina la ugonjwa wake, ila kwa lugha ya nyumbani.

Kabla ya kufikia uamuzi, mpelekeni zahanati au kituo cha afya. Upungufu wa damu, kifafa, matatizo ya tezi ya shingo, ujauzito na matumizi ya dawa za kulevya au pombe vyote vinaweza kuleta picha inayofanana na sonona. Hapo hapo mhudumu anaweza kutumia dodoso la maswali tisa liitwalo PHQ-9, ambalo lina tafsiri ya Kiswahili na linauliza kuhusu wiki mbili zilizopita. Alama zake huanzia 0 hadi 27, na kwa kawaida anayepata 10 au zaidi anahitaji kuchunguzwa kwa kina. Dodoso si hukumu, lakini tunzeni karatasi hiyo kwa sababu itahitajika tena mbele.

Hatua ya pili: kuuliza kuhusu kifo, kwa maneno yaliyo wazi

Hatua hii watu huikwepa, na ndiyo isiyoweza kurukwa. Kuna hofu kwamba ukimtajia kijana habari ya kujiua utakuwa umempa wazo hilo. Haiko hivyo, kuuliza kwa utulivu hakumpandikizii mtu wazo, bali wengi hupata nafuu kwa kuwa hatimaye kuna mtu aliyethubutu kulitamka walilokuwa wakilibeba peke yao. Anza mbali kidogo, kisha sogea: "Watu wakilemewa namna hii, wakati mwingine hutamani wasingekuwepo. Wewe umewahi kufikia hapo?" Akikubali, endelea: "Umefikiria kujiua?" Kisha muulize kama amepanga namna, na kama anacho mkononi kitu ambacho angekitumia. Usishtuke usoni, usilie, wala usianze kumhubiria kwamba ni dhambi. Yeye dini yake anaijua.

Akikujibu kwamba amepanga, usimwache peke yake, na mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Akiwa na mawazo tu bila mpango, kaeni pamoja muandike mpango wa usalama kwenye karatasi moja: ni dalili gani zinazomwonyesha kwamba wimbi linakuja, anaweza kufanya nini mwenyewe ili lipite, aende wapi au kwa nani ili asikae peke yake, ni mtu mzima gani atakayemweleza ukweli, atapiga simu gani. Katika Tanzania, Kenya na Uganda namba 116 ya huduma kwa watoto hupigwa bila malipo. Sehemu ya mwisho ya mpango ni kazi ya watu wazima: sumu za shambani, dawa ya panya na dawa za hospitali zilizobaki ziondolewe nyumbani au zifungiwe kwa kufuli. Jambo hili dogo huokoa maisha kwa sababu msukumo mkali wa kujidhuru mara nyingi ni wa muda mfupi, na kijana akikosa njia katika muda huo, wimbi huweza kupita.

Familia nyingi huogopa hospitali kwa sababu ya polisi, na hofu hiyo haikutoka hewani. Katika Tanzania, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinalitaja jaribio la kujiua kuwa kosa. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 kilichokuwa na maudhui hayo kinakwenda kinyume cha Katiba. Hata hivyo, aliyekunywa sumu anahitaji daktari kwanza, na kila saa inayopotea kwa kujadiliana nini kisemwe mapokezi inaweza kumgharimu uhai.

Kijana anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, anayeamini mambo yasiyoyumkinika hata anapoonyeshwa ushahidi, au asiyelala siku kadhaa huku akiwa na nguvu zisizo za kawaida, hahitaji mwongozo huu bali daktari wa magonjwa ya akili. Hospitali za wilaya na mikoa zinaweza kumpokea na kumpa rufaa pale inapobidi, kwa mfano Muhimbili au Mirembe, Kidongo Chekundu kwa walio Unguja, Mathari kwa walio Nairobi, na Butabika kwa walio Kampala.

Hatua ya tatu: kuandaa mahali, mtu na siri

Desturi zetu zilikwisha kuona tatizo moja ambalo vitabu vya saikolojia vililifikia baadaye: kijana hawezi kumweleza kila kitu yule anayemlisha na kumwadhibu. Pwani msichana alikuwa na somo wake, yaani mwanamke aliyemfunda, na kwingineko mambo mazito yalipelekwa kwa bibi, kwa shangazi au kwa mjomba, mtu wa karibu asiyeshika fimbo. Kwa hiyo mzazi asione kwamba ameshindwa malezi ikiwa mwanawe atachagua kuzungumza na mtu mwingine. Kazi ya mzazi ni kuulinda muda huo na kutomhoji kijana anaporudi. Tena namshauri mzazi yeyote asijaribu kuwa mtabibu wa mwanawe. Awe msaidizi wa mazoezi, kwani nafasi hiyo ina uzito wa kutosha.

Shuleni, msitumie ofisi ya nidhamu, wala chumba ambacho kila anayeingia huonekana na darasa zima. Benchi chini ya mti, mbali kidogo na njia, linatosha. Mketi mkitazama upande mmoja, au pembepembe, kuliko kutazamana uso kwa uso. Vijana wengi, hasa wavulana, hufunguka zaidi wakiwa wanatembea au wanafanya kazi ya mikono.

Sheria ya siri ielezwe kabla ya swali la kwanza, na ielezwe kwa ukweli wote: "Utakayoniambia yatabaki kwangu, isipokuwa mambo matatu. Ukiwa katika hatari ya kujidhuru, mtu mwingine akiwa anakudhuru, au ukiwa utamdhuru mtu, nitalazimika kumweleza anayeweza kusaidia, na nitakuambia kabla sijafanya hivyo." Niliwahi kumwahidi kijana mmoja siri isiyo na mipaka, nikidhani ninamtuliza. Aliponieleza jambo ambalo sikuweza kulinyamazia, nililazimika kuivunja ahadi hiyo, na ilinichukua muhula mzima kuaminika tena.

Katika kikao cha kwanza, jizuieni kushauri. Rehema akisema, "Mimi sina maana yoyote pale nyumbani," jibu linalotujia mdomoni ni, "Usiseme hivyo mwanangu, mama yako anakupenda sana." Jibu hilo, pamoja na upendo wote uliomo, linafunga mlango, kwa sababu limemwambia kwamba anachokihisi si kweli. Jaribuni badala yake: "Nieleze siku moja ulipohisi hivyo." Atataja siku, saa na maneno yaliyosemwa, na hapo ndipo kazi inapoanzia.

Hatua ya nne: kuchagua njia inayolingana na tatizo

Njia hizi zina majina mengi, lakini kinachotakiwa ni kujua ipi inafaa wapi. Iliyochunguzwa zaidi ni tiba ya fikra na tabia, ijulikanayo kwa kifupi cha CBT, ambayo mwanzilishi wake mkuu ni daktari Mmarekani Aaron Beck aliyeanza kuijenga katika miaka ya 1960. Inashughulikia mzunguko ambao fikra huzaa hisia, hisia huzaa matendo, na matendo huirudishia fikra nguvu. Hufaa kwa sonona na kwa wasiwasi, na nitaieleza kwa kirefu katika hatua inayofuata kwa kuwa sehemu zake za msingi zinaweza kusimamiwa na mwalimu aliyepata mafunzo mafupi na anayekaguliwa na mtaalamu.

Pale ambapo sonona imefungamana na watu, tiba ya mahusiano hufaa zaidi. Hiyo huanza kwa kuuliza tatizo limeingilia mlango gani kati ya minne: msiba, ugomvi na mtu wa karibu, mabadiliko makubwa ya maisha kama vile kuhamia bweni, au upweke wa kutokuwa na mtu. Ilijaribiwa kwa vikundi katika kambi za wakimbizi wa ndani kaskazini mwa Uganda, ikihusisha vijana 314 wa umri wa miaka 14 hadi 17, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha wasichana wakipata nafuu kubwa, ilhali kwa wavulana tofauti haikuwa ya kutosha kutolea hitimisho. Naitaja tofauti hiyo makusudi, kwa sababu hakuna njia inayowafaa wote, na mvulana asiyepata nafuu katika kikundi cha mazungumzo si lazima awe amekaidi.

Kwa kijana aliyefiwa na wazazi au aliyepitia ukatili, ipo tiba ya fikra na tabia iliyoundwa mahususi kwa ajili ya kiwewe. Ilijaribiwa Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya, kwa watoto yatima wa miaka 7 hadi 13 ikiendeshwa na watu wasio wataalamu waliofundishwa na kusimamiwa, na matokeo yaliyotoka mwaka 2020 yalikuwa mazuri katika sehemu nyingi walikojaribu. Ndani yake mtoto hufundishwa kwanza kujituliza, kisha polepole husimulia yaliyompata, huku mlezi wake akiandaliwa kuyasikia. Msiiige kwa kubahatisha. Kumlazimisha kijana asimulie ukatili kabla hajajua kujituliza ni kumrudisha pale pale alipoumia.

Vijana wanaojikata au wanaobebwa na hisia kama mafuriko husaidiwa zaidi na stadi za tiba ya dayalektiki, iliyoasisiwa na mwanasaikolojia Mmarekani Marsha Linehan, ambazo humfundisha mtu kuvuka dakika ngumu bila kuifanya iwe mbaya zaidi. Na pale ambapo kiini ni jambo halisi, kama vile ada, baba mlevi au safari ya kilomita nyingi kwenda shule, tiba ya utatuzi wa matatizo hutangulia. Ndiyo inayotumiwa na mabibi wa Benchi la Urafiki, mpango ulioanzishwa Harare mwaka 2006 na daktari Dixon Chibanda. Hao mabibi hawamwambii mtu afanye nini. Humsaidia kuyamwaga matatizo yote, kuchagua moja, na kuondoka na hatua moja ya kujaribu.

Nchini Kenya kuna mfano mwingine ambao shule zinaweza kujifunza kwao: mpango wa Shamiri, wenye vikao vinne tu vya saa moja moja kwa wiki, vinavyoendeshwa na vijana waliotoka sekondari majuzi, na ambao haumwiti mtu yeyote mgonjwa bali hufundisha kwamba mtu anaweza kukua, kushukuru na kuishi kwa anachokithamini. Katika utafiti wa vijana 413 uliochapishwa mwaka 2021, dalili za sonona na wasiwasi zilipungua kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kujisomea.

Hatua ya tano: kazi yenyewe, wiki kwa wiki

Tumrudie Rehema. Wiki mbili za mwanzo hatugusi mawazo yake kabisa. Tunagusa ratiba yake. Mtu mwenye sonona husubiri apate hamu ndipo afanye jambo, na kwa kuwa hamu haiji, hafanyi, na kwa kutofanya huzidi kuzama. Tiba inageuza mpangilio huo: fanya kwanza, hamu itafuata nyuma kwa kuchechemea. Anapewa daftari, na kwa siku saba anaandika alichofanya na hali ya moyo wake kuanzia 0 hadi 10. Ukurasa wake wa Jumamosi unasomeka hivi: kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi, kitandani na simu, 2, saa saba, kuosha vyombo huku akigombezwa, 2, saa kumi, kumsuka mtoto wa jirani, 5, usiku hadi saa nane, simu, 1.

Hapo mshauri hahitaji hotuba. Anauliza tu, "Unaona nini?" Rehema anaona mwenyewe kwamba simu, ambayo aliishika ili imfariji, imekaa kwenye alama za chini kuliko zote, na kwamba kusuka, ambako alikuwa ameanza kukuacha kwa kuona hakuna faida, ndiko kulikopanda. Mpango wa wiki inayofuata unatokana na ukurasa huo, na unaandikwa kwa udogo usioweza kushindikana: Jumatano saa kumi na nusu, kumsuka rafiki yake Mwajuma kwa mtindo wa twende kilioni, mistari sita tu. Tukiandika "nitakuwa nasuka zaidi", halitafanyika. Lazima kuwe na siku, saa, mtu na kiasi. Akishindwa, hatumlaumu, tunapunguza mistari iwe mitatu na kuchunguza kilichozuia.

Karibu na wiki ya tatu au ya nne, nguvu zikiwa zimeanza kurudi, ndipo tunapoingia kwenye fikra. Rehema ameona kwenye simu picha ya rafiki zake wakiwa ufukweni bila yeye. Kwenye daftari anaandika tukio, kisha wazo lililomjia papo hapo kwa maneno yale yale: "Hawanitaki tena." Anaandika hisia na kipimo chake: huzuni, 8. Kisha anafanya kazi ya hakimu, si ya wakili. Ni ushahidi gani unaoliunga mkono wazo hili? Hawakumwalika. Ni upi unaolipinga? Mmoja wao alimpigia simu Jumanne naye hakupokea. Mara tatu zilizopita alialikwa akakataa. Wazo lenye uwiano linaandikwa mwishoni: "Huenda wamechoka kunialika kwa kuwa nimekuwa nikikataa, jambo linaloniuma, lakini linaweza kurekebishwa." Huzuni imeshuka hadi 5.

Lengo halikuwa kufika kwenye 0, wala wazo jipya halikuwa la kujipamba. Wahamasishaji wengi huwataka vijana wajitazame kwenye kioo na kusema "mimi ni mshindi". Kijana mwenye sonona akisema hivyo hujisikia mwongo mara mbili. Wazo mbadala linafaa tu likiwa linaaminika na mwenye nalo.

Kwa wasiwasi njia ni tofauti, kwa sababu wasiwasi hulishwa na kukwepa. Kijana anayeogopa kusimama mbele ya darasa, kila anaporuhusiwa kubaki ameketi hupata ahueni ya dakika moja, na hofu hupata mwaka mwingine wa kuishi. Tunamjengea ngazi. Hatua kwa hatua, anaandika mambo anayoyaogopa na kiwango cha hofu: kusoma kwa sauti chumbani peke yake, 2, kumsomea mdogo wake, 3, kumuuliza mwalimu swali baada ya kipindi, 5, kujibu swali akiwa ameketi, 6, kusimama na kusoma aya moja, 8, kuwasilisha kazi ya kikundi, 9. Anaanzia chini, anabaki katika hali hiyo hadi hofu ishuke yenyewe, na anarudia mara nyingi kabla ya kupanda. Mwalimu anapaswa kujua mpango huo, asije akamrusha hadi kilele kwa nia njema siku ya Jumatatu.

Katika ngazi hiyo pumzi husaidia, mradi isigeuzwe hirizi. Vuta hewa puani kwa hesabu ya nne, itoe taratibu kwa hesabu ya sita, kwa dakika tatu hivi. Kutoa kwa muda mrefu kuliko kuvuta ndiko kunakoupunguza mwendo wa moyo. Mfundisheni akiwa ametulia. Stadi inayofundishwa katikati ya kimuhemuhe haishiki.

Hatua ya sita: nyumbani

Mzazi wa Rehema naye ana daftari lake, hata kama haliandikwi. Kazi yake ya kwanza ni kupunguza maneno mawili, "mwenzako fulani" na "sisi enzi zetu". Ya pili ni kuona jambo moja dogo kila siku na kulitaja kwa jina lake: si "umekuwa mtoto mzuri", bali "nimeona umeamka saa moja leo." Ya tatu ni usingizi. Simu za nyumba nzima, ikiwemo ya baba, zilale sebuleni kuanzia saa tatu na nusu usiku. Amri inayomhusu mtoto peke yake hupokelewa kama adhabu.

Panapokuwa na sheikh au mchungaji ambaye familia inamtegemea, msimlazimishe kijana achague kati ya dua na tiba. Viongozi wa dini wengi huelewa wakielezwa, na neno lao kwamba dawa na maombi havigombani huweza kufanikisha kile ambacho mshauri asingekifanikisha kwa mwezi mzima. Mpaka uko pale ambapo kijana anafungwa kamba, anapigwa, ananyimwa chakula au anaachishwa dawa za daktari. Hapo mtu mzima anapaswa kuingilia, liwe limefanywa kwa jina lolote lile.

Hatua ya saba: dawa, kipimo na kumaliza

Sonona ya kiasi kikubwa inaweza kuhitaji dawa pamoja na mazungumzo, na inayopendekezwa kwanza kwa vijana ni fluoksetini. Huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, haileweshi, na haiachwi ghafla bila daktari. Katika wiki za mwanzo kijana aangaliwe kwa karibu zaidi, kwa sababu kwa baadhi ya vijana mawazo ya kujidhuru huweza kuongezeka kabla nafuu haijafika. Yakitokea, rudini kwa daktari mara moja.

Sasa ile karatasi ya PHQ-9 inarudi mezani. Ijazwe tena kila baada ya wiki mbili hadi nne. Ikiwa baada ya vikao sita hadi vinane alama hazijashuka, msimwongezee kijana bidii ya kile kile. Kagueni kama tatizo lilitambuliwa sawasawa, kama kuna ukatili ambao hajausema, kama anayemhudumia anamfaa, na ombeni rufaa. Kijana ana haki ya kubadilisha mshauri bila kuonekana mkorofi.

Alama zikishuka na kutulia, vikao vitenganishwe kwanza kwa wiki mbili, kisha kwa mwezi, na tarehe ya mwisho ijulikane mapema. Kikao cha kufunga hutumika kuandika ukurasa mmoja wa mwisho wa daftari. Wa Rehema una mistari michache: nikianza kulala mchana siku tatu mfululizo, nikiacha kupokea simu ya Mwajuma, nikisema "haina faida" kwa jambo nililokuwa nikilipenda. Chini yake ameandika atakachofanya: mistari sita ya nywele, daftari lifunguliwe tena, shangazi aambiwe kabla ya wiki kwisha. Nakala moja anabaki nayo shangazi, na nyingine imekunjwa ndani ya kasha la simu yake.